Mpishi wa Nyuma ya Ukuta

Hata siku ya harusi, akiwa na suti ya kuazima na marashi ya kutosha kumfukuza mbu, ukimsogelea bado ananukia tangawizi. Ndiyo maana wenzake wakamwita Tangawizi, na jina likamganda kama masizi chini ya karai. Miaka kumi na minne amekata tangawizi kwenye mkahawa wa Kichina wenye meza kumi na moja, taa nyekundu za karatasi, na paka wa dhahabu anayepunga mkono pale kaunta mpaka betri zimwishie.

Menyu ya pale ni ya namba, kwa sababu hakuna mteja anayeweza kuyatamka majina ya vyakula bila kujiuma ulimi. Mtu anapiga simu: "Nipe kumi na nane moja, sita mbili, za kubeba, pilipili kando." Basi. Dada wa oda, anayepokea simu na kuhudumia meza, amewazoea watu kwa namba zao. "Arobaini kaja leo na mkewe," huwaambia wa jikoni. "Wamenuniana, msiwawekee pilipili, wanayo ya kwao."

Sasa, jinsi mkahawa ulivyojengwa ndiyo habari yenyewe. Ukiwa umekaa mezani, unaona jiko dogo moja nyuma ya kioo kikubwa, na mpishi akirusha wali hewani mpaka moto unamfuata. Watoto hupiga makofi. Wasichokiona wateja ni ukuta ulio nyuma ya huyo mpishi, wenye kidirisha kidogo cha kupitishia sahani, na nyuma ya ukuta huo jiko la kweli: mioto mitatu ya gesi, joto la kuyeyusha mshumaa, na Tangawizi.

Zamani pale kwenye kioo alisimama Mzee Moto, Mchina hasa, aliyevuka bahari na karai lake mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha Tangawizi, na alifundisha kwa kumpiga upawa vidoleni. "Usitazame! Sikiliza karai!" Na kweli, Tangawizi akajifunza kusikiliza. Mafuta yakinong'ona, bado. Yakianza kugombana, tia nyama. Nyama nayo ukate kwa kukatisha nyuzi zake, uipake ute wa yai na unga laini, uiache robo saa, ndipo iwe laini kama ulimi. Miaka mitano ya mwisho magoti ya Mzee Moto yalikuwa yamegoma, akawa anarusha wali wa maonyesho tu. Chakula chote kilitoka nyuma.

Siku ya kuondoka alimkabidhi Tangawizi upawa wake mbele ya wafanyakazi wote, akamgeukia Tajiri, mwenye mkahawa. "Kioo," alisema, "chake."

Tajiri, mtu wa hapa hapa aliyeanza maisha kwa kuuza matairi, akaitikia kwa kichwa. "Kuanzia Jumamosi, ndugu yangu, dirisha ni lako."

Hebu fikiria furaha ya mtu! Na furaha yenyewe haikuwa ya kofia nyeupe. Ilikuwa ya mama.

Mama yake Tangawizi aliwalea watoto wanne kwa cherehani, na kwake yeye mwanamume aliyeko jikoni ni mwanamume aliyefukuzwa kwingine. Akiulizwa na majirani habari za wanawe, hujibu kwa vidole. "Wa kwanza fundi umeme. Wa pili dereva wa malori makubwa. Huyu wa tatu…" na kidole hukunjika kidogo, "…anasaidia-saidia pale kwa Wachina." Miaka kumi na minne ya kusaidia-saidia. Tangawizi alikuwa ameshachoka kumweleza. Maneno hayashibishi. Safari hii akamwambia, "Mama, njoo Jumamosi mchana na dada. Utaniona kwa macho yako."

"Nitakuona ukifanya nini?"

"Njoo tu."

Ijumaa asubuhi Tajiri aliingia na kijana wa Kichina mwenye kofia mpya ndefu kama chimni. Kijana alikuwa fundi wa vigae. Ujenzi aliokuwa akiufanyia kazi ulikuwa umesimama, naye akawa hana pa kushika.

"Anajua kupika?" Tangawizi aliuliza.

"Anajua kusimama," Tajiri akajibu. "Sikiliza, mimi sina ubaya na wewe. Mkono wako ni dhahabu. Lakini mteja akitazama kioo akakuona wewe, atasema, hiki si hata mjomba wangu angenipikia nyumbani? Watu hula kwa macho kwanza." Kisha akawakusanya wote. "Mteja akiuliza nani kapika, jibu ni moja: yule pale. Mwenye jibu lingine, mlango anaujua."

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tangawizi alichumia motoni, na kivulini wakamweka mtu mwingine.

Alimpigia dada yake simu. "Mwambie mama asije."

"Mimi nimwambie? Gauni kalipiga pasi tangu juzi, na mtaa mzima unajua anaenda kula kwa Wachina. Mwambie mwenyewe kama una kifua."

Hakuwa nacho.

Jumamosi mchana meza zilijaa. Kijana wa kwenye kioo, ambaye tayari walishamwita Dirisha, alikuwa akirusha wali ule ule tangu asubuhi, umekauka hadi unalia kama changarawe. Kila akipata upenyo alimgeukia Tangawizi kwenye kidirisha, akainamisha kichwa na kuinua mabega. Naye hakuwa ameomba kuwa sanamu.

Mama aliingia na gauni la bluu, mkoba kwapani, binti yake nyuma. Tangawizi alimwona kupitia kidirisha akikagua vitambaa vya meza kwa kidole.

"Mama, utakula namba ngapi?" Dada wa oda aliuliza.

"Mwanangu, mimi nimekuja kula, sikuja kufanya hesabu. Nina meno matatu, yote upande mmoja. Nipeni nyama inayojua adabu."

Dada wa oda, ambaye peke yake alikuwa ameambiwa, alikuja kwenye kidirisha na kunong'ona. "Thelathini na moja. Ni ya mama yako."

Nyama ya ng'ombe kwa tangawizi. Tangawizi aliacha oda nyingine zikae. Aliikata nyama nyembamba kuliko siku zote, akaipa robo saa yake yote, akazima kelele za dunia akasikiliza karai tu. Mafuta yalipoanza kugombana, akatia. Sahani ilipopita kidirishani, aliifuata kwa macho kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu.

Mama alionja. Akaonja tena. Kisha akasema kwa sauti ya watu waliozoea kushindana na cherehani, "Jamani! Nani kapika hiki?"

Meza za jirani zikacheka. Tajiri akatokea mara moja, uso umejaa meno. "Karibu, mama! Mpishi wetu ni yule pale, umemwona?"

"Nimemwona. Na mwanangu yuko wapi? Anafanya kazi hapa, aliniambia nitamwona."

Dada wa oda akaelekeza kidevu kwenye kidirisha. Tajiri hakuwa anajua. Akamwita Tangawizi, naye akatoka na aproni imelowa jasho. Mkono wa Tajiri ukatua begani kwake, mzito kama gunia.

"Mama yako huyu! Mbona husemi? Mama, huyu ni mtu wetu wa nyuma, tunamtegemea sana."

Mama alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Halafu akauliza, polepole, na ndani ya swali mlikuwa na mlango umeachwa wazi: "Mwanangu. Hiki umepika wewe?"

Vidole begani vilikaza. Tangawizi aliwaza kodi ya chumba, akawaza watoto wawili wa shule, akawaza ni mkahawa gani mwingine wa Kichina ungemchukua mpishi asiye na sura ya Kichina. Mama alikuwa bado anangoja, uma mkononi.

"Hapana, mama," alisema. "Kapika yule."

Mlango ule ukafungwa. Mama akaguna, akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo na kuweka kiganja chake juu yake. "Mama aliyekuzaa asikose kitu," alimwambia Dirisha. "Umemheshimu popote alipo."

Kijana hakuelewa neno, ila aliuelewa mkono. Alimtazama Tangawizi, akashusha karai. Ile siku nzima, hapo tu ndipo wali ulipokosa kuruka. Dada yake Tangawizi alikuwa amekiinua kipande cha nyama kwa uma, anakigeuza-geuza kwenye mwanga. Akamtazama kaka yake. Akakila.

Jioni Tangawizi alipitia kwa mama, kama kila Jumamosi. Alikuta kiboksi cha mkahawa kimewekwa mezani, kimefunikwa na sahani.

"Nimekubakizia," mama alisema. "Kaa, onja. Wewe umekaa pale miaka yote hiyo, si bora ungejifunza kitu? Yule mtoto amekuja juzi, anawashinda wote."

Tangawizi akafungua. Nyama ilikuwa imepoa, mafuta yameganda pembeni, lakini bado ilikuwa laini. Hakukosea hata kidogo.

"Kweli, mama," alisema. "Anajua."

"Si umwombe akufundishe? Kuomba si aibu." Akainama juu ya kiboksi, akavuta harufu, akafumba macho kidogo. Kisha akajivuta nyuma. "Na ukimaliza ukaoge. Hiyo harufu ya jikoni huiachi mlangoni hata siku moja."

Tangawizi akaitikia. Alikula mpaka kipande cha mwisho, maana mama alikuwa anamtazama.