Waliotoka Bila Kuaga

Sauti ambayo Hilary Thackray aliikumbuka kuliko zote ni ya mwavuli ukikung'utwa. Mara mbili, kwenye korido, nje ya mlango wake. Katika bonde lile la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mvua hainyeshi ikapita, inahamia, na kila aliyekuja kuzungumza naye alikuja na maji yake. Alimjua mtu kwa namna anavyoyakung'uta. Wako waliofanya kwa hasira, wako waliofanya kwa haya, kana kwamba wanaiomba radhi sakafu. Janice Uttley aliukung'uta wake polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto na huku anatamani aendelee kulala.

Alhamisi moja ya Oktoba, saa tisa alasiri, korido ilikaa kimya.

Hilary alisubiri. Kazi ya tiba ya mazungumzo ina desturi yake: saa uliyompa mtu ni yake hata asipokuja. Husomi gazeti, hupigi simu, hupangi makabati. Basi alikaa dakika zote hamsini akikitazama kiti kitupu, hita ya umeme ikimchoma upande mmoja wa mguu, akiyarudia maneno ya wiki iliyopita moja moja. Janice alikuwa ameondoka akitabasamu. Alikuwa amesema asante, kipenzi, akavaa koti. Kosa lilikuwa wapi?

Hakuwa wa kwanza kutoweka. Walikuja mara nne, mara sita, kisha wakapotea bila neno, na Hilary aliwahesabu wote kuwa wamemkimbia.

Kabla ya kazi hii alikuwa kiwandani, kwenye chumba cha wanawake waliopitisha vidole juu ya vitambaa vya sufu wakitafuta nyuzi zilizokatika, wakazirudishia kwa sindano. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na umri wa kumtosha kukata tamaa, lakini akaenda shule ya jioni kusomea kuwasikiliza watu. Alichokikosa katika kazi mpya ni dirisha. Kiwandani, ukimaliza kushona unakiinua kitambaa kwenye mwanga, na mwanga unakwambia kama umefanya kazi au umejidanganya. Mtu huwezi kumwinua dirishani.

Wiki hiyohiyo Daktari Ellwood, mkuu wa kliniki, alimwita. Alikuwa mtu mpole mwenye tai zilizopinda, na habari mbaya alipenda kuzitoa akiwa amesimama. Mtaalamu wa miguu alikuwa anaomba chumba. Chumba pekee kilichoweza kutolewa ni cha Hilary, na ikifika Pasaka ilibidi uamuzi uwe umefanyika.

Hilary alimkumbusha kwamba utafiti wa vyuo vikuu umeonyesha tiba hii inasaidia. Daktari alikubali.

"Lakini wale waliopimwa kule walichaguliwa, Hilary," alisema. "Mlevi walimtoa. Mwenye presha na watoto wanne walimtoa. Mimi nataka kujua hapa, kwa hawa wetu wanaokuja wamelowa, vilevile walivyo. Wanapona?"

Kila mgonjwa alijaza karatasi ya maswali siku ya kwanza na siku ya mwisho. Umelala vipi wiki hii, umejihisi mpweke, umeona maisha ni mzigo. Weka alama kuanzia "hata kidogo" mpaka "karibu kila wakati". Tabu ni kwamba waliotoka bila kuaga hawakuwa na siku ya mwisho. Daktari alimwonyesha faili: wagonjwa wengi, karatasi mojamoja. Ni sawa na kumpima mtoto uzito mara moja, alisema, kisha ukamwambia mama yake anakua.

Hilary akamtaja Wilfred Greenwood. Huyu alikuwa kondakta wa basi aliyestaafu, mjane, hakukosa hata Alhamisi moja. Alikuja na keki ya tangawizi ndani ya kopo, na hadithi za abiria zilizowafanya wote wawili wafute machozi ya kicheko. Angemwona Wilf, Hilary alisema, asingeuliza. Daktari alijibu kwamba amefurahi kusikia, akanyoosha tai yake, ikapinda tena.

Jumamosi, sokoni, Hilary alimwona Janice nyuma ya meza ya jibini. Sheria ya kazi inakataza kumsalimia mgonjwa nje mpaka yeye akusalimie, kwa hiyo Hilary aligeukia vitunguu akavichunguza kwa bidii. Janice ndiye aliyemfuata, akisukuma kigari cha mtoto.

"Umenikasirikia, Hilary?"

"Mimi? Nilidhani wewe ndiye umenikasirikia."

"Kwa lipi? Nalala sasa. Juzi nimemfokea mume wangu bila kulia, hebu fikiria. Amebaki mdomo wazi." Janice alishusha sauti. "Nikaona nikikalia kile kiti na kuna mtu nje anakihitaji, si vizuri."

"Ungekuja tu uniambie."

"Nikupotezee saa nzima kukwambia sina shida?"

Hilary alirudi nyumbani na vitunguu asivyovihitaji. Hivyo ndivyo watu wa bonde lile walivyo. Mtu akipona haagi, anapisha. Kumbe pengine wale aliowalilia walikuwa wameondoka kwa adabu. Wazo lilimpendeza mno, na kupendezwa huko ndiko kulikomtia wasiwasi. Kiwandani alijifunza kuogopa kiraka kinachompendeza mshonaji. Janice ni mmoja. Na wengine?

Kuwafuata majumbani hakuruhusiwa. Lakini angeweza kutoisubiri siku ya mwisho. Jumatatu aliweka karatasi juu ya kiti cha kila mgonjwa, na akasema ijazwe kila wanapokutana.

Noreen wa mapokezi, aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu kinachopita mbele ya meza yake, hakumwacha. "Wenzako wanatibu watu, wewe unawasahihishia mitihani," alimwambia. Mgonjwa mmoja aliuliza alama ngapi ndiyo kufaulu. Mwingine aliandika pembeni kwamba swali la saba limemharibia asubuhi. Wilf Greenwood alijaza haraka, akaikunja karatasi mara nne kama kura, akaisukumia chini ya kopo la keki na kuanza hadithi ya abiria aliyepanda na bata. Hilary alicheka. Karatasi zote ziliingia kwenye kabati bila kusomwa. Aliogopa zisimfundishe mapema kupendelea jibu.

Mwishoni mwa Februari alifunga mlango, akazitandaza sakafuni. Kila mtu mstari wake, kutoka ukutani kuelekea mlangoni, karatasi baada ya karatasi. Kisha akavua viatu na kutembea katikati yao.

Aliloliona kwanza lilimfanya acheke peke yake. Wengi wa waliotoweka, mzigo wao ulikuwa ukipungua wiki hadi wiki. Alama zilisogea kutoka "karibu kila wakati" kwenda "mara mojamoja", na hapo zilipokuwa nyepesi, mstari ukakatika. Akina Janice walikuwa wengi kuliko alivyothubutu kutumaini.

Lakini si wote. Ipo mistari iliyokatika ikiwa mizito. Kijana wa duka la mikate, aliyemdhania mkimya tu, alikuwa akizama kwa majuma matatu mbele ya macho yake. Kumpigia simu mgonjwa aliyeacha nyuma yake karatasi kama ile kuliruhusiwa, na Hilary aliinuka papo hapo akampigia. Kijana alikuja Jumanne, amenuna, lakini alikuja.

Mstari wa mwisho, ulio karibu na dirisha na mrefu kupita yote, ulikuwa wa Wilf. Hilary aliupitia kuanzia mwanzo, kisha kuanzia mwisho. Kwenye swali la upweke, alama ilikaa palepale, "karibu kila wakati", karatasi hadi karatasi, imekandamizwa kwa kalamu hadi ikatokea upande wa pili. Hakuna kilichosogea. Aliketi sakafuni, soksi zake zikigusa ukingo wa karatasi ya kwanza, na akajikuta haoni aibu kama alivyotarajia, ila udadisi mkali unaofanana na njaa. Vicheko vile vyote alivicheka na nani?

Noreen alipochungulia na chai na kusimuliwa, alitoa ushauri wake. "Huyo mzee mtoe. Kupotea kwa mstari mmoja nani atajua?"

"Mimi," Hilary alisema. Chai aliichukua.

Daktari Ellwood naye alitembea katikati ya mistari, kwa viatu vyake, akiinua miguu juu kama kuku kwenye matope. Alikaa muda mrefu kwenye mstari wa kijana wa mikate. Alipofika dirishani alisimama.

"Huyu si ndiye uliyeniambia?"

"Ndiye."

"Na umemweka."

Hilary alisema sasa walau anajua wa kuanza naye. Daktari aliinama akaisoma karatasi moja ya Wilf, akairudisha mahali pake, akainyoosha pembe kwa kidole. Kabla hajatoka alisema mtu wa miguu atapewa chumba cha mizani ya kupimia uzito. Mizani itasimama koridoni, haitalia. Na mwaka kesho, aliongeza, Hilary azitandaze tena karatasi.

Alhamisi, saa kumi, mwavuli ulikung'utwa. Mara mbili.

Wilf aliingia, akaweka kopo mezani, akajaza, akakunja mara nne. Safari hii Hilary aliikunjua mbele yake.

"Nimezisoma zako zote kwa pamoja, Wilf. Tangu karatasi ya kwanza hakuna kilichosogea."

"Najua. Si mimi niliyezijaza?"

"Na kila wiki unacheka."

Mzee aliyatazama maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye mwavuli wake. "Unazipenda zile za basi," alisema. "Uso wako unachangamka. Nikasema, walau mmoja wetu atoke humu anajisikia vizuri."

Hita ilitoa mlio wake mdogo wa chuma kinachopata joto. Hilary alijaribu kukumbuka kama amewahi kumuuliza jina la mkewe, akaona hajawahi. Palikuwa daima na bata, au padri aliyelewa, au bibi na godoro lake juu ya ngazi za basi. Alilichukua kopo la keki, akaliweka sakafuni nyuma ya kiti chake, na meza kati yao ikabaki tupu. Kisha akasogea mbele mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Leo," alimwambia, kwa sauti iliyokaribia kumezwa na mvua, "usinichekeshe."