Watu wa Kubeba Kitanda

Bibi niliyemtunza kule ughaibuni, katika mji wa Woodbury, alikuwa Mhindi, mamake mhandisi mmoja, na Kiingereza chake kiliishia kwenye kushukuru. Siku ya kwanza nilimwita mama, kwa heshima zangu zote za Kikenya, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Mwanawe akanieleza kwamba kwao mama ni mjomba. Basi nikamwita bibi. Tukaelewana kwa maneno machache tuliyobahatika kuwa nayo sote wawili: chai, dawa, gari. Theluji yeye aliiita barf, mimi barafu, yakaisha.

Kila asubuhi, majirani wakishakwenda kazini, alisimama dirishani akizinyooshea kidole nyumba zao. "Khali," alisema. "Khali, khali." Nikadhani anawaogopa.

"Si wakali, bibi," nikamwambia. "Ni watu wa kujifungia tu."

Akatikisa kichwa, akaniona mjinga.

Habari za kijiji chao nilizipata kwa mwanawe. Basi la abiria liliishia lami ilipokoma, na kutoka hapo hadi nyumbani ni tope tupu. Mgonjwa alibebwa juu ya kitanda cha kamba na wanaume wanne, wengine wakifuata nyuma ili wapokezane. Kisha vijana wakahamia mijini kutafuta kazi, kijiji kikabaki na wazee na wanawake. Babake, mume wa bibi, alipozidiwa, wabebaji ilibidi waombwe kijiji cha pili. Walipofika, mzee alikuwa ameshakata roho.

Siku moja theluji ilianza watu wakiwa wameshatoka, mwanawe pia. Kufikia mchana barabara haikuonekana. Mwenzangu wa kunipokea zamu akapiga simu.

"Dada, nimestuck hapa Oakdale. Siwezi ku-drive na hii snow, nitaingia ditch."

Simu ilikuwa bado mkononi bibi aliposhika kifua. Jasho likamtoka, midomo ikawa ya kijivu.

Nikapiga namba ya dharura. Wakaniambia ambulensi imekwama kwenye njia ya kuingilia mtaani, wahudumu wawili wanakuja kwa miguu, nitafute mtu wa kusaidia kubeba. Niliingiwa na hofu ambayo sijaionja tena. Nilikuwa nimeuguza wengi, lakini siku zote palikuwa na lifti, na gari likingoja chini.

Nikatoka mbio bila koti, theluji ikinifika magotini. Nikabonyeza kengele ya nyumba ya kwanza. Kimya. Nikaenda ya pili, kisha nikavuka barabara nikagonga mlango kwa ngumi, nikipiga mayowe kwa Kiswahili kana kwamba kuna wa kunielewa. Hapo ndipo neno lile liliponiingia. Bibi hakuwa akisema majirani ni wakali. Alikuwa akisema nyumba ni tupu. Asubuhi zote zile alikuwa akitafuta wa kumbeba, na mimi nikimwambia asiogope.

Wahudumu walifika wakihema. Magurudumu ya machela hayakufaa kitu kwenye theluji ile, kwa hiyo tuliiinua, wao wawili mbele, mimi peke yangu nyuma. Vidole vilikufa ganzi. Niliteleza, nikainuka, nikateleza tena, na kila machela ilipoyumba bibi alifumba macho na kuomba kwa lugha yake. Nilikuwa nikilia kwa sauti na sikuona haya. Nilijua nikiiachia tu, amekwisha.

Alipona. Siku niliyokwenda kumwona hospitalini, mwanawe alikuwa kando ya kitanda, macho mekundu. Bibi akamvuta shati, akamwambia jambo huku akinitazama mimi.

"Anauliza," mwanawe akasema, "wewe ukiugua, nyumbani kwako kuna nani?"

Nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa wa Phillips, na mlango wa jirani sikuwahi kuugonga.

"Wapo," nikajibu.

Akamfasiria. Bibi hakuniondolea macho, nami nikaanza kutafuta kimoyomoyo hata jina moja.