Kuku wa Pikapu ya Baba

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye yadi ya magari mjini Kitale kabla jua halijachomoza vizuri. Askari wa mlangoni alikuwa bado amejifunga blanketi, anaota moto wa jiko lake la makaa. "Madam, hata wenyewe hawajafika, bana," akaniambia. Nikamwambia nitangoja. Baridi ya Kitale unaijua, ile inayoingia kwenye mikono ya sweta na kukaa humo humo. Nikapita kati ya magari yaliyooshwa yakang'aa, nikaenda hadi kwa lile nililokuwa nimelichagua, nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa baridi kabisa. Basi machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, muuguzi niliyezoea kuwapa wengine vitambaa vya kufutia macho. Yule askari akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini ni zamani.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana siku hizi sina mwingine wa kumweleza.

Nilikuwa darasa la nne. Kwetu ni nje ya Bungoma, ukishika njia ya Chwele, mahali ambapo kila boma lina mparachichi na kila mparachichi una mbwa analala chini yake. Baba alifanya kazi Webuye, na sisi watoto tulimjua kama mtu wa mwisho wa mwezi. Alikuja Ijumaa na mkate mrefu uliobonyezwa na safari, Jumapili baada ya kanisa akaondoka. Kaka zangu wawili walizoea. Mimi, kitindamimba na msichana peke yangu, sikuzoea hata kidogo. Kila Jumapili ya kuondoka kwake nilimlilia mpaka mama akachoka kunibembeleza, akawa ananiachia kikapu cha mahindi nipukuchue huku nalia.

Kisha kazi ya Webuye ikaisha. Wenzake walirudi makwao vichwa chini, lakini baba alirudi akicheka. Ati atanunua pikapu, awe anabeba vitunguu vya wakulima wa Kapsokwony na kuvileta sokoni Bungoma, na kila jioni alale kwake.

"Kila jioni?" nikamuuliza.

"Kila jioni, mama." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Kwa hiyo elewa vizuri. Watu wengine walikuwa wanangojea lifti ya kwenda sokoni, na kaka zangu walikuwa wanangojea kupiga honi. Mimi nilikuwa namngojea baba.

Akaenda Kitale. Alifika saa sita mchana, kwa sababu kutoka kwetu kulikuwa na kubadilisha magari mara mbili. Muuzaji alikuwa amevaa tai, akamwita mzee wangu, akamkaribisha kiti na soda baridi. Pikapu ilikuwa imeshawashwa, inanguruma polepole, imepakwa mafuta hadi kwenye magurudumu. Baba akaizunguka, akapiga teke gurudumu moja, akatosheka.

Sasa nikuambie kitu kuhusu baba yangu. Huyu mtu hakuwahi kununua ng'ombe bila kumwona akikamuliwa alfajiri. Alikuwa tayari kulala kwa watu asiowajua ili jogoo akiwika awe zizini na kikombe chake mkononi. Alijua muuzaji mjanja huacha kumkamua ng'ombe jioni ya kuamkia siku ya kuuza. Anataka uje ukute kiwele kimejaa, ulipe, uende. Hilo alilijua tangu utotoni. Lakini siku ya gari alifika saa sita, akakuta injini ina moto tayari, wala hakujiuliza ni nani aliyeihangaikia asubuhi. Aliiamini tai, maskini.

Muuzaji akampa karatasi yenye muhuri: ikikusumbua ndani ya siku saba, irudishe. Baba akaikunja, na alipofika nyumbani akaiweka ndani ya Biblia.

Honi tuliisikia kutoka barabarani. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alitoka jikoni mbio, mikono bado ina unga, akapiga vigelegele: "Gali imekuja! Gali ya mwanangu!" Ulimi wake haukutaka kusikia habari za r, na nani angemrekebisha siku kama ile? Akajaza maji mdomoni akayapuliza kwenye magurudumu yote manne kuibariki, kisha akaagiza jogoo wake mwekundu akamatwe, yule mkali aliyekuwa akinifukuza nikienda kisimani. Kwetu kitu kikubwa hakiingii bomani hivi hivi. Ng'ombe, bati la nyumba, hata cherehani, lazima kuku aliwe na watu waje.

Wakaja kweli. Mzee wa kanisa aliomba mpaka supu ikapoa. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno mengi, alipanda nyuma ya pikapu na sahani yake ya ugali wa wimbi akakataa kushuka, ati anaonja kiti. Halafu Kukhu akainuka na kibakuli, akampelekea baba firigisi mbele ya wote. Firigisi, kwetu, haichukuliwi tu na yeyote; hupewa mwenye heshima siku hiyo, na akiila, jambo limekwisha. Baba akaitafuna polepole. Sijawahi kumwona amefurahi vile tena, si kabla wala baadaye.

Asubuhi yake pikapu ilidinda kuwaka.

Baba akapiga stata, ikakohoa, ikanyamaza. Tukaisukuma, kaka zangu, mimi, mama na kanga yake kiunoni, hadi kwenye mteremko wa shule, ikawaka na kutoa moshi wa buluu uliotufanya sote tukohoe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu watoto wa jirani wakaja kutusaidia, ikawa mchezo. Ukiniuliza utoto wangu ulinukiaje, nitakuambia: umande, petroli, na vitunguu. Nilifika shuleni na matope hadi magotini, na mwalimu alinicheka, "Dereva amefika!"

Mama hakucheka. Siku ya tano, akichambua mrenda, alisema bila kuinua macho, "Baba watoto, rudisha hii kitu. Siku bado ziko."

"Nirudishe vipi, na kuku ameliwa?" baba akajibu. "Si firigisi nimekula mbele ya watu? Nikirudi na miguu, nitawaambia nini, watapike?"

Akanigeukia kwa mzaha. "Mama, wewe unasemaje?"

Nikasema, "Usirudishe." Nilikuwa na miaka kumi na nilidhani pikapu ikienda na baba ataenda. Mama aliniangalia mara moja tu, akaendelea na mrenda wake. Neno hilo moja, rafiki yangu, nimelibeba hadi leo, ingawa najua mtoto hawezi kulaumiwa.

Aibu ilimshinda baba hadi siku ya nane. Alipofika Kitale, muuzaji alimkaribisha kiti kilekile, soda ileile. "Mzee wangu, leo ni ya nane," akasema kwa upole kabisa. Njiani kurudi baba akasimama kwa duka la Singasinga mmoja aliyeuza spea. Mzee yule aliisikiliza injini kidogo, akachomoa kijiti cha oili, akatikisa kilemba. Injini ilikuwa imekwisha zamani, wameimwagia oili nzito inyamaze. "Ulifika kununua saa ngapi?" akamuuliza. "Saa sita." "Aah, mzee. Gari nunua asubuhi, iko baridi. Kama ng'ombe, ona yeye akikamuliwa."

Baba alimsimulia Kukhu hayo jikoni, na mimi nikawa nje ya dirisha. Alirudia maneno ya kama ng'ombe mara mbili. Nilisikia tu Kukhu akichochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Wiki ya tatu pikapu ikafa kwenye mlima wa Kapsokwony, ikiwa na vitunguu vya yule jirani mwenye maneno mengi. Vilioza kabla trekta haijapatikana. Akaacha kuja kwetu, na kwa maneno aliyokuwa nayo, huo ukimya tuliuhisi. Pikapu ikavutwa hadi chini ya mparachichi. Mwezi huo huo baba akaenda Suam kufanya biashara ya mpakani. Akawa tena mtu wa mwisho wa mwezi, halafu mtu wa Krismasi, halafu mtu wa kutuma salamu.

Jioni nilikuwa nakaa ndani ya pikapu, nashika usukani. Nilijiambia kwamba nikikaa kimya vya kutosha nitamsikia akija. Kuku walianza kutaga kwenye kiti cha abiria, na nilipotaka kuwafukuza Kukhu akanizuia. "Waache watage," akasema. "Wanachukua deni lao." Hapo tulicheka sana, sisi wawili. Yeye pia alikuwa anamngojea.

Baba alirudi kulala kwake kabisa nikiwa chuo cha uuguzi, amelazwa nyuma ya gari la kukodi. Kukhu alikuwa ametangulia. Mama akafuata. Kaka mmoja yuko Nairobi, mwingine yuko Qatar, na pikapu aliinunua mtu wa vyuma chakavu, akaikatakata pale pale chini ya mparachichi.

Basi Jumamosi nilifanya kila kitu vile inavyotakiwa. Fundi wangu alinikuta pale yadini. Wenyewe walipofika, gari likawashwa likiwa baridi mbele ya macho yangu, likawaka mara moja, moshi hakuna. Fundi akasema, "Madam, hii ni gari." Nikapitia Kimilili, nikanunua jogoo mwekundu njia panda, nikaenda nyumbani moja kwa moja.

Nikapiga honi langoni. Nikapiga tena. Mbwa wa jirani alitoka, akaniangalia, akarudi zake. Nikafungua lango mwenyewe, nikaliingiza gari, nikashuka nikalifunga.

Nilijaza maji mdomoni nikayapuliza kwenye magurudumu yote manne. Nilimchinja yule jogoo, nikampika kwenye jiko la Kukhu, moshi ukinitoa machozi kwa sababu nimesahau namna ya kuwasha kuni. Nikajipakulia. Firigisi nikaiweka kwenye kibakuli peke yake, nikaibeba hadi nje, na hapo ndipo nikasimama, kibakuli mkononi, sijui nimpelekee nani.