Buti Lililojaa Zege

Mniruhusu nitoe ushuhuda huu nimesimama. Nikikaa muda mrefu ngozi ya mguu huu wa kulia hunivuta, na hata zamani, kabla haujaungua, sikuwa mtu wa kukaa. Mama Feza, mke wangu, husema ninakula kama mtu anayeogopa kuachwa na treni. Naitwa Kisimba. Kwa neema ya Mungu natembea, na nataka mjue ilikuwaje, hasa ninyi mnaofanya kazi ya ujenzi.

Ilikuwa miaka ya Zaire, hapa Kalemie. Tulikuwa tunajenga ghala karibu na bandari. Zege, sisi tuliita beto, tulikuwa tukilibeba kichwani kwa mabeseni, foleni ndefu ya wanaume. Kisha ikaletwa pampu kwa treni. Mashine moja inasukuma beto ndani ya mabomba, na mwisho wa mabomba kuna mpira mnene wa kutolea beto, unaoruka kila pampu inapopiga. Foleni karibu yote ikarudishwa nyumbani. Tulibaki wachache, na mimi nikachaguliwa kushika ule mpira. Kusema kweli nilijiona mkubwa. Nilikuwa napita sokoni na beto kwenye nywele, makusudi, ili watu waulize.

Siku ya kumwaga sakafu tulianza asubuhi. Kazi ile haina kupumzika, maana pampu ikisimama beto inaganda ndani ya mabomba. Nilipiga magoti ndani ya beto, ikaingia kwenye buti la kulia ikajaa. Mchana nikasikia mguu unawasha kama nimekanyaga siafu. Nikausugua kwa buti la pili, nikaendelea. Ningetoka, mwingine angeshika mpira, na mimi nilishauona ni wangu.

Jioni nikavua. Kuanzia kifundo hadi karibu na goti ngozi ilikuwa nyeupe na laini kama muhogo uliolowekwa. Haikuuma sana, na hilo ndilo lililonidanganya. Asubuhi ilikuwa nyeusi, inatoa maji. Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Sisi waashi tukijikata kidole tunapaka simenti kavu, damu inakata, kazi inaendelea. Basi nikachukua simenti kavu nikapaka kidonda kizima, nikafunga kitambaa, nikarudi kazini. Nilifanya hivyo siku nne.

“Papa, hii muguu inanuka,” alisema Mama Feza.

“Njo vile inakauka. Acha.”

“Inakauka namna gani na iko inatoa usaha? Unaogopa Kalunga atakamata mupira yako?”

Kalunga alikuwa rafiki yangu tuliyebeba naye mabeseni, na sasa alinisaidia nyuma ya mpira. Mke wangu alikuwa amegusa penyewe, kwa hiyo nilimfokea.

Siku ya tano nikaanguka kazini kwa homa. Kalunga na wenzake walinipeleka hospitali kwa mkokoteni. Daktari alipokata kitambaa, kilitoka na nyama. Nilijikojolea kwa maumivu, sioni haya kuwaambia.

“Nani alikupatia hii dawa?”

“Ni mimi, Dokta. Ni simenti.”

Akasema, “Papa, simenti ikilowa iko sawa na soda ya kutengeneza sabuni. Ilikuwa inakula muguu yako, na wewe ukaiongezea chakula. Homa isiposhuka, tutakata.”

Niliogopa sana. Kila siku walinisugua kidonda, na kila siku niliuliza kama ni leo. Nilijigeuza hadi shuka likapasuka. Homa ikashuka. Wakachukua ngozi ya paja langu wakaipandikiza chini ya goti, na daktari akanionya: siku kumi nisikanyage chini, kwa sababu ngozi ile ilikuwa bado haijashika.

Siku ya sita, asubuhi, upepo ukaleta mlio wa pampu. Mama Feza alikuwa amekwenda kufua. Nikaomba fimbo ya jirani yangu wa kitanda, nikatoka. Msidhani ni ushujaa, ulikuwa wivu mtupu. Nilitaka kuona nani ameshika mpira wangu.

Alikuwa Kalunga. Amepiga magoti, beto imefika mdomo wa buti, na anasugua buti kwa buti, vilevile nilivyofanya mimi. Nilijua mara moja. Na hapo, Mungu anisamehe, wazo likaja: mwache. Akiungua, mpira utarudi kwangu. Nilisimama nalo kidogo. Kisha nikapiga kelele.

“Kalunga, toka! Toa mabuti!”

“Papa Kisimba? Rudia ku hospitali! Beto haingoje!”

Msimamizi akanijia mbio kunitoa eneo la ujenzi, akaniita raia kwa desturi ya Zaire. “Sitwayeni, toka mu shantie! Unatuharibia kazi!”

Nikainama nikafungua bendeji yote, wauone mguu. Ngozi mpya ikatoka na bendeji, nikaiona inaning’inia. Mwendesha pampu aliizima bila kuambiwa. Kalunga akatoka kwenye beto, wakamvua buti, wakammwagia maji ndoo baada ya ndoo. Vifundo vilikuwa vyekundu, na weupe ndio ulikuwa unaanza.

Beto ya siku ile iliganda mabombani, wakaigonga kwa nyundo siku mbili. Daktari alinigombeza hadi nikalia. Ilibidi akate ngozi ya paja la pili, nikalala miezi miwili zaidi. Kalunga alikuwa anakuja kila siku baada ya kazi, anakaa mwisho wa kitanda na kunishika nisishuke. Mpira sikuushika tena. Yeye aliushika hadi ghala likaisha, na siwafichi, iliniuma.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Mama Feza aliyeosha mashuka yale bila kunikumbusha maneno yake. Nanyi wenzangu, beto ikiingia kwenye buti, toka hapohapo. Vua, mwaga maji mengi, nenda hospitali. Usipake kitu. Pampu iache igande, mabomba yanagongwa kwa nyundo yakasafika.

Kalunga ni yule aliyeketi karibu na mlango, mwenye kaptura. Mkitoka, tazameni miguu yake.