Hata Saba Hufiki

Mwenyewe hujiita Dereva, ingawa chombo pekee alichowahi kuendesha ni kitanda cha magurudumu cha hospitali, na njia yake ni moja tu: kutoka wodini hadi mlango wa chumba cha upasuaji, mita tisini, na mteremko mdogo karibu na stoo ya mashuka. Kwa miaka kumi na tisa amewasukuma wagonjwa njia hiyo, na kila mmoja amemwambia maneno yale yale: "Usiogope. Wakishakupa dawa ya usingizi, hesabu mpaka kumi. Hata saba hufiki." Alivyoyasema kwa madaha, ungedhani amepasuliwa mara sita. Ukweli ni kwamba hata sindano ya jino huipokea akiwa amefumba macho na kumshika mtu mkono.

Basi mwaka ule wa korona, ngiri ikamtokea. Uvimbe kinenani, mkubwa kama limau, uliorudi ndani akilala na kutoka akisimama. Daktari akamwandika kwenye orodha ya upasuaji. Dereva akaitikia kwa sauti nzito ya kiume, kisha akaenda kujifungia chooni nusu saa.

Bahati yake, kama alivyoiita mwenyewe, ikaja siku tatu baadaye. Hospitali ilisimamisha upasuaji wote isipokuwa wa dharura. Vyumba viwili kati ya vitatu vikageuzwa wodi ya wasioweza kupumua, mashine zikahamishiwa huko pamoja na wataalamu wa usingizi, na redio zikasema dunia nzima mambo ni hayo hayo. Watu wenye mawe, wenye uvimbe, wenye nyonga zilizolika wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri simu. Wengine walilia pale pale kwenye korido. Dereva aliwapa pole mmoja mmoja, na mpaka leo anashukuru kwamba barakoa huficha mdomo, maana wa kwake ulikuwa ukitabasamu.

Baada ya miezi sita kile chumba kimoja kilichobaki kikafunguliwa kwa wasio wa dharura pia, wagonjwa wanne kwa wiki. Sista mkuu akaandika majina kwenye ubao mweupe, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu kupindukia, akaweka utaratibu wake: mwenye nafasi anaweza kumwachia aliyezidiwa, kwa hiari yake. Jina la Dereva lilipofika juu, akamwachia fundi cherehani mmoja. Lilipofika tena, akamwachia mzee wa tezi dume. Mara ya tatu hakungoja hata kuulizwa. Sista akamsifu mbele ya wafanyakazi wote, wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Nyumbani hakukuwa na makofi.

"Unafyata mkia tu," mkewe alimwambia, akimtazama anavyojifunga kitambaa cha kubana ngiri.

"Watu wanateseka, mama watoto. Mimi najikaza."

"Siku itakapokubana hiyo, ndio utajua nani anateseka."

Aliyekuwa akiteseka kweli ni mpishi wa shule, mama wa makamo mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo, aliyesubiri miezi kumi. Kila Jumatatu alipiga simu kuulizia, na mara nyingi Dereva ndiye aliyeipokea, hata wakazoeana. Alimsimulia kwamba halali upande wa kulia, hali chochote chenye mafuta, na anasonga ugali wa watoto mia tatu akiwa ameshika ubavu. Hatimaye akapangiwa Alhamisi.

Alhamisi hiyo Dereva akamlaza kitandani, akaanza kumsukuma. "Usiogope, dada. Hata saba hufiki."

"Kwani wewe umewahi kupasuliwa, kaka?"

"Mimi?" alisema, na hapo ndipo walipofika kwenye mteremko. Akakivuta kitanda kisikimbie, na kitu kikajikaza kinenani kama fundo. Akapiga magoti. Daktari akaitwa, akaubonyeza uvimbe, haukurudi.

"Utumbo umenaswa. Huyu aingie sasa hivi."

Chumba kilikuwa kimoja na mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja. Mpishi, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, na ambaye tayari alikuwa amechokonolewa pua kwa kipimo cha korona, akashuka taratibu, kwa sababu hata kitanda kilikuwa hicho hicho. Dereva akapandishwa. Alikuwa analia kwa sauti, wauguzi wote wakimsikia. Mpishi akamwinamia.

"Usiogope, kaka. Hesabu mpaka kumi. Hata saba hufiki."

Alifika nne.

Jioni sista akaja kumpa pole, akisema hayo ndiyo matokeo ya kuwa na huruma kupita kiasi. Dereva akashindwa kuendelea kusifiwa. "Haikuwa huruma, sista. Nilikuwa naogopa." Sista akaandika joto lake kwenye faili, akaondoka. Kwenye ubao jina la mpishi lilikuwa limesogezwa wiki tano mbele. Wiki tano za ubavu ule! Dereva aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani, na safari hii yeye ndiye aliyepiga simu kila Jumatatu. Simu ya kwanza alikiri yote.

"Nimekasirika sana," mpishi akasema. "Nipigie Jumatatu ijayo."

Siku ilipowadia, Dereva bado alikuwa amekatazwa kusukuma chochote. Kitanda kilisukumwa na mwenzake, yeye akatembea kando, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakuwa na la kusema mpaka walipokaribia mlango.

"Utaogopa, dada. Mimi niliogopa."

"Afadhali umesema," mpishi akajibu, na mlango ukafungwa.

Kwa sababu ya ugonjwa, wageni hawakuruhusiwa hospitalini, kwa hiyo benchi la ndugu lilikuwa tupu. Dereva akakaa. Siku zote alikuwa akifika mlangoni na kugeuza kitanda. Hakujua saa mbili za hapo ni ndefu kiasi gani. Sista alipotoka akauliza kwa mazoea tu, "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?"

Dereva akanyoosha mkono.

"Ameamka salama," sista akamwambia. "Anasema uambiwe amefika nane."