Kijiji Kilichochorwa Kwenye Karatasi

Mwezi uliopita binti yangu alinipeleka Mwankoko, nje kidogo ya mji, kunionyesha kiwanja alichonunua. Vigingi vya zege vimepangwa mstari, barabara zimechongwa, na mkononi alikuwa na ramani. Hapa soko, hapa shule, hapa kituo cha afya. "Mama, huu utakuwa mji wa kisasa," aliniambia. Ramani ya namna ile nilishaiona nikiwa na miaka tisa, imetandazwa juu ya boneti ya Landrova, kwetu mlimani upande wa Ihanja.

Tulikuwa na tembe refu la udongo, zizi la ng'ombe mbele yake, na vihenge vya uwele ndani. Asubuhi niliamshwa na mlio wa jiwe la kusagia, bibi akisaga huku akiimba kwa Kinyaturu. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu yakiwa bado na harufu ya moshi. Jirani yetu wa karibu alikuwa ng'ambo ya korongo. Ukitaka kumsalimu ulipaza sauti.

Ofisa wa serikali aliyekuja na ramani ya kijiji cha ujamaa tutakachohamishiwa hakuwa mtu mkali. Alimwamkia bibi kwa heshima kabisa, kisha akapitisha kidole juu ya mistari. Zahanati itakuwa hapa. Bomba la maji hapa, hatua chache kutoka kila nyumba.

"Hayo maji yapo sasa?" bibi aliuliza.

"Yanakuja, mama."

"Basi na mimi nitakuja yakishafika."

Watu waliokusanyika wakacheka, lakini baba hakucheka. Baba aliamini. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, na alitaka sisi tusome. Usiku ule alimwambia mama kwamba mtoto atakayezaliwa hatabebwa siku nzima kutafuta dawa.

Lori lilikuja baada ya mavuno. Wanamgambo walibomoa paa la tembe ili mtu asirudi, wakampandisha bibi juu ya magunia, jiwe lake la kusagia likabaki. Kule chini kando ya barabara tulikuta uwanda mtupu na vijiti vimechomekwa ardhini. Chetu kilikuwa kijiti cha mstari wa tatu. Baba akajenga kibanda cha nyasi kwa haraka, na humo mama akajifungua mtoto wa kiume.

Mvua zikaanza kabla hatujapata paa la maana. Tulilala tumejikunyata kwenye pembe isiyovuja. Maji ya kunywa tulichota kwenye dimbwi walimonywa ng'ombe, mimi na mama, nusu siku kwenda na kurudi. Familia zilizozoea kutenganishwa na korongo sasa zilisikilizana kukohoa. Kisha watoto wakaanza kuharisha, nyumba hadi nyumba, kwa kufuata mstari.

Mdogo wangu alipoishiwa nguvu ya kulia, baba alimbeba mpaka kwenye kijiti kilichochomekwa mahali pa zahanati. Nilimfuata. Sijui alitegemea nini, maana alikuwa akipita pale kila siku. Alisimama na mtoto mkononi, mvua ikimnyeshea, akakitazama kile kijiti. Kisha akaanza kutembea kwenda hospitali ya misheni. Alirudi kesho yake jioni, mtoto amefunikwa uso.

Katibu wa kijiji alikuja kutupa pole. Baba akamuuliza, kwa sauti ya chini, "Makaburi yako wapi?"

Katibu akakunjua ramani, akaitazama, akaigeuza. Soko lilikuwepo. Uwanja wa mpira ulikuwepo.

"Sioni, ndugu yangu," akasema. "Hawakuyaweka."

Bibi akamchukua mtoto kwa mama, akamfunga kwenye khanga yake, akaanza kupanda mlima. Hakuna aliyemzuia, hata katibu. Tulimfuata, tukamzika mtoto kando ya zizi letu la zamani. Wakati wa kushuka baba alibaki nyuma, na nilipogeuka nilimwona amepiga magoti anapapasa udongo kama anayetafuta kitu. Mama alinivuta mkono. "Mwache," akasema.

Baba aliishi kwenye kiwanja kile mpaka alipofariki. Hakumlaumu mtu, ila mikutanoni alikaa nyuma kabisa na hakuuliza tena lolote. Zahanati ilikuja kujengwa mimi nikiwa nimeshaolewa.

Nilipotoka Mwankoko sikupata usingizi. Kesho yake nilipanda basi la Ihanja, nikapanda mlima taratibu kwa magoti yangu haya. Hakuna tembe, hakuna zizi, hata lile korongo limejaa mchanga. Kote ni alizeti, shamba la mtu nisiyemfahamu. Watu wote waliojua mahali tulipomzika mdogo wangu wamekwisha, nimebaki mimi, nami sikupatambua. Nilizunguka katikati ya alizeti mpaka jua likawa la utosi.

Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuja akaniamkia shikamoo, akaniuliza nimepoteza nini.

Nikamwambia nimepotea njia. Akanishika mkono, kwa upole, akanitoa shambani.