Karai la Bahati na Samaki Aliyekataa Kula

Tulioyaona mambo haya, pale nyumbani kwetu Kambarage, tulikuwa watano. Mimi mwenyewe. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa mwisho, niliyemlea tangu akiwa wa mgongoni. Mume wake, mchimbaji wa dhahabu huko upande wa Geita. Mtoto wao wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Na jirani yetu, mama wa asili ya Pwani anayefuata dagaa Nkome, ziwani, na kuwauza hapa Shinyanga. Majina yao ninayo yote, na ya waliowazaa pia, ila mjukuu ameomba nisiyaandike, basi nayaacha.

Samaki nao walikuwepo. Walikaa sebuleni kwenye sanduku la kioo, ambalo mjukuu aliachiwa na mwenye saluni alipofunga biashara. Ni jirani aliyetuletea hao samaki, wametolewa kwenye maji ya matete huko Nkome, kwenye dumu lililokatwa juu. Alisema ni watoto wa sato, tuwalishe, Idi ikifika tutawakaanga. Tukawalisha pumba na dagaa wa kusaga. Idi ikaja ikapita, na wao bado urefu wa kidole. Mmoja akageuka manjano, midomo ya bluu, na kwenye pezi la chini ya tumbo, huko mwishoni, alama nyekundu kama ya wino. Wengine walibaki rangi ya nyasi kavu.

Nikamwambia jirani huyu wa manjano ni bwana harusi na hao ni wake zake, sato hawapambiki hivi.

"Bibi, mimi nilikuletea kitoweo," akasema. "Harusi umeianzisha wewe."

Lakini aliwauliza wavuvi, wakamwambia ni furu wadogo wa kwenye matete, hawakui zaidi ya hapo. Basi tukaacha kufikiria sufuria, tukaanza kutamani wazae. Mjukuu akawawekea mchanga na mawe. Yule dume alichimba shimo kwa mdomo, akawa anatetemeka mbele ya majike. Kila asubuhi tunachungulia shimo, mayai hakuna. Nikajua anayala.

Sasa nije kwenye karai. Wachimbaji wana mila yao: karai lililokupa dhahabu ya kwanza haliuzwi wala halitupwi, linakaa nyumbani kulinda bahati. Mume wa mjukuu alilileta lake, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Alisema tusiliuze. Hakusema tusilitumie. Beseni letu la plastiki lilipopasuka, mjukuu akalishusha, akalisugua kwa majivu na sabuni hadi likang'aa. Humo akawa anamwogeshea mtoto. Humo humo tukawa tunalaza maji ya bomba, harufu ya dawa itoke, ndipo tuwabadilishie samaki.

Siku mume wake aliporudi kutoka machimboni, aliingia akaniamkia, nami nikamwitikia, "Marahaba, mume wangu. Umemfuata mke mwenzangu au umenifuata mimi?" Akacheka. Halafu akamwona mtoto amekaa ndani ya karai anapigapiga maji. Aliweka begi chini, akamtoa mtoto, akamkumbatia na maji yake yote. Akasema taratibu:

"Bibi, humu ndimo nilimokuwa nakandia zebaki."

Kwa wasiokaa pande zetu, zebaki ni yale maji mazito ya fedha wanayochanganya na mawe yaliyosagwa ili yakamate dhahabu. Namfahamu mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Hafikishi kikombe mdomoni bila kumwaga. Huyo mzee ndiye aliyenijia kichwani, nikauona mkono wake ule unaomwaga umeota kwenye bega la kitukuu wangu. Nikakaa kwenye gunia la mkaa.

Mjukuu aliuliza kwa sauti ndogo, "Na samaki?"

Tukalisogelea sanduku la kioo. Jike mmoja alikuwa pembeni, nyuma ya pampu ya hewa, amejitenga, anahema upesi, kidevu kimevimba. Nikatupa chakula. Wenzake wakakigombania. Yeye alikitazama tu. Na jioni hiyo mtoto akakataa ziwa.

Asubuhi tukaenda hospitali. Wakamchukua mtoto damu, wakasema majibu yatatoka mbali, tusubiri. Karai tusiliguse tena. Tumwangalie kama ananyonya, na kama mikono inatetemeka. Baba mtu hakurudi machimboni. Alilitoboa lile karai kwa msumari, matundu kila mahali, asije mtu akaliokota akalifanya chombo, halafu akaliviringisha kwenye mfuko akaliweka mbali na nyumba. Bahati yake hakuitaja tena.

Mimi nikaweka kigoda changu kati ya mtoto na kioo. Nilijua ni upumbavu, lakini samaki yule ndiye aliyekuwa majibu yangu. Maji yale yale, karai lile lile. Nikimtupia chakula akikiacha, naona na mtoto ndiyo anaondoka. Mtoto anavuta ziwa kidogo, analiachia, analia. Jirani alisema labda meno. Neno dogo kama meno lilitukera.

Alasiri moja jua liliingia dirishani, likapita nyuma ya kioo. Nikamwona samaki anatafuna. Chakula hakimo, na yeye anatafuna polepole, kama mimi nisiye na magego. Nikasogeza uso. Ngozi ya kidevu chake ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na ndani mna vidoti vyeusi, viwili viwili. Vikasogea.

"Ng'wana wane, mwanangu, njoo," nikamwita mjukuu. "Huyu ana macho mdomoni."

Alikuja na mtoto kiunoni. Tulikaa pale hadi samaki akafungua mdomo, na watoto wakamwagika kama punje za uwele, kila punje na mkia wake. Dume wa manjano akasogea. Mama akainamisha kichwa, na wote wakarudi mdomoni, mbio. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na watoto kinywani, angekula vipi?

Mjukuu alikaa sakafuni akalia. Jirani akaingia, akampapasa mtoto fizi ya chini kwa kidole, akasema njooni mguse wenyewe. Jino.

Majibu yalipofika, daktari alisema zebaki iliyoonekana ni kidogo, ila mtoto arudishwe apimwe tena. Tumemrudisha, na tutamrudisha. Samaki kuzaa hakuoshi damu ya mtu, hilo najua. Sasa mtoto anakunywa uji mwenyewe, na kila anaponyanyua kikombe mimi naacha ninachofanya, natazama mpaka kifike.

Jambo moja tunabishana. Mimi nakumbuka mtoto alishika ziwa akanyonya sawasawa baada ya samaki kuwatoa wanawe. Mjukuu anasema hapana, Bibi, alikuwa ameanza tangu asubuhi, hofu tu ilikuzuia kuona. Jirani, wewe uliingia wakati ule. Na yeyote aliyesikia habari hii kutoka kwao naye aseme. Kama nimekosea, nisahihisheni, maana ningependa iwe asubuhi, mtoto awe alipona bila kumngoja samaki.